Washairi wa Puerto Rico Walivyojijengea Jukwaa New York

Jumapili ya tarehe 28 Desemba 1969, vijana wa Young Lords, chama cha wanaharakati Wapuerto Rico, waliingia katika kanisa la Wamethodisti liitwalo First Spanish, huko East Harlem jijini New York, wakafunga milango kwa ndani. Ombi lao lilikuwa dogo. Kanisa lile lilikaa tupu karibu wiki nzima, nao walitaka nafasi humo ya kuwapa watoto wa mtaa kifungua kinywa kabla ya kwenda shule. Waliomba kwa upole, wakakataliwa. Basi kwa siku kumi na moja jengo likaitwa Kanisa la Watu. Watoto wakala, wagonjwa wakapimwa bila malipo, na jioni zikawa za muziki na mashairi. Humo alisimama Pedro Pietri, kijana mzaliwa wa Ponce aliyekuwa amepelekwa kupigana Vietnam, akaghani shairi lake refu, Puerto Rican Obituary, linalowaombolezea kwa majina wafanyakazi watano wanaokufa wakiwa bado wanangoja maisha mema waliyoahidiwa. Tarehe 7 Januari 1970 polisi walikomesha uvamizi huo na kukamata watu zaidi ya 100.

Wengi wanaoandika juu ya mashairi ya jukwaani ya Walatino wa Marekani, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, huanza na mkahawa mmoja maarufu. Mimi naona hesabu ianzie kanisani. Kitabu cha Pietri kilichapishwa mwaka 1973. Kwa miaka yote iliyotangulia, shairi lile liliishi zaidi mdomoni mwake na masikioni mwa waliomsikia, kwenye mikutano na maandamano. Watu walilijua kabla halijawa na jalada.

Ili kuelewa kwa nini lilipokelewa hivyo, lazima turudi nyuma kidogo. Marekani iliitwaa Puerto Rico kutoka kwa Hispania mwaka 1898, na mwaka 1917 ikawapa wenyeji uraia, ingawa mpaka leo anayeishi kisiwani hana kura ya kumchagua rais. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia uchumi wa kisiwa uligeuzwa kutoka mashamba ya miwa kwenda viwandani. Viwanda havikuweza kuwachukua wote waliotoka mashambani, na nauli ya ndege kutoka San Juan hadi New York ilikuwa imeshuka. Watu wakahama kwa mamia ya maelfu. Kufikia mwaka 1960, New York peke yake ilikuwa na Wapuerto Rico zaidi ya 600,000, wakishona nguo viwandani, wakiosha vyombo mahotelini, wakipanga vyumba vibovu East Harlem, Bronx na Lower East Side. Watoto wao walikemewa shuleni kwa kusema Kihispania. Wakirudi kisiwani likizo, ndugu zao waliwacheka kwa sababu Kihispania hicho hicho kilikuwa kimechanganyika na Kiingereza.

Lakini wazee wao walikuja na ushairi kichwani. Katika milima ya Puerto Rico kulikuwa na waimbaji wa décima, ubeti wa mistari kumi, kila mstari mizani minane, wenye vina visivyobadilishwa ovyo. Msomaji aliyezoea utenzi ataitambua mizani hiyo mara moja. Katika mashindano yao, mwimbaji hupewa mstari wa mwisho hapo hapo mbele ya watu, naye hutakiwa atunge mistari tisa itakayomfikisha kwenye mstari ule bila kukwama. Wawili wakikutana, hulumbana kwa zamu mpaka hadhira imtambue mshindi. Pamoja na hao kulikuwa na waghani waliohifadhi mashairi ya wengine na kuyatoa kwa sauti kuu kwenye sherehe na viwanjani. Mmoja wao, Jorge Brandon, alizunguka Lower East Side akisukuma mkokoteni wake, akighani kwa kumbukumbu tupu. Vijana waliokuja kuwa maarufu walimhesabu kuwa mwalimu wao, na naamini bila mzee huyu wa barabarani tusingewaelewa ipasavyo. Wanahistoria wa Kimarekani hupenda kuwaunganisha washairi hawa na wale wa kizazi cha Beat, washairi waasi wa miaka ya 1950 waliowatangulia mjini humo. Uhusiano huo upo, lakini mizizi yao mirefu zaidi iko kwenye uwanja wa kijiji.

Mwaka 1973 hivi, Miguel Algarín, mzaliwa wa Santurce aliyekuwa akifundisha Shakespeare katika Chuo Kikuu cha Rutgers, alianza kuwaalika washairi nyumbani kwake East 6th Street. Sebule ikajaa, watu wakakaa ngazini. Walikuwamo Miguel Piñero, Lucky Cienfuegos, Bimbo Rivas, Pietri mwenyewe na wengineo. Mwaka 1975 Algarín akapanga baa ya Waireland iliyokuwa mtaa huo huo, na hapo likazaliwa jina Nuyorican Poets Café. Nuyorican ni Mpuerto Rico wa New York. Watu wa kisiwani walilitumia kama kejeli, nao wakalipokea na kulibandika mlangoni.

Kati ya hao wote, Piñero ndiye anayenishika moyo zaidi. Alizaliwa Gurabo mwaka 1946, akaletwa New York akiwa mdogo, akakua katika umaskini mkali, akaingia katika wizi na dawa za kulevya, akafungwa zaidi ya mara moja. Ndani ya gereza la Sing Sing alijiunga na warsha ya maigizo na huko akaandika tamthilia ya Short Eyes, kuhusu wafungwa wanapoletewa mahabusu mwenzao anayetuhumiwa kumdhuru mtoto. Alipotoka, kundi la waigizaji waliokuwa wafungwa wa zamani, The Family, chini ya Marvin Felix Camillo, liliiigiza kanisani Riverside. Mtayarishaji wa maigizo Joseph Papp akaichukua na kuipeleka Public Theater, kisha jukwaa kubwa la Lincoln Center. Mwaka 1974 ikapewa tuzo ya wahakiki wa maigizo wa New York kuwa tamthilia bora ya Kimarekani ya mwaka. Mwandishi alikuwa hajafika miaka thelathini. Mwaka uliofuata yeye na Algarín walihariri diwani ya kwanza ya kundi lao, Nuyorican Poetry, iliyotolewa na kampuni kubwa ya uchapishaji.

Diwani hiyo ilikuwa na lugha ya mtaani kama ilivyosemwa, sentensi ikianza kwa Kiingereza na kuishia kwa Kihispania. Wahakiki wa pande zote mbili walikasirika. Wa kisiwani waliona Kihispania kinachafuliwa; wa bara waliona uvivu wa kujifunza Kiingereza. Nadhani wote walikosa kusikiliza. Msikilize Tato Laviera, aliyetoa La Carreta Made a U-Turn mwaka 1979, utasikia mtu aliyezimiliki lugha zote mbili pamoja na mdundo wa ngoma za asili ya Kiafrika, bomba na plena, akijua hasa ni wapi abadilishe lugha ili mstari uruke. Sandra María Esteves, mzaliwa wa Bronx, mmoja wa wanawake wachache waliopewa nafasi mwanzoni, alitoa Yerba Buena mwaka 1980. Aliwabana wenzake wa kiume jukwaani kwa mashairi juu ya mwanamke wa Kipuerto Rico, na mabishano hayo ya kishairi yaliwafaa wote. Bimbo Rivas naye aliutungia mtaa wao shairi liitwalo Loisaida, matamshi ya Kihispania ya Lower East Side, na leo jina hilo limeandikwa kwenye vibao vya Avenue C.

Kumbuka mtaa wenyewe ulikuwa katika hali gani. Katika miaka ya 1970 wenye nyumba wa Lower East Side waliyatelekeza majengo, mengine yakateketea kwa moto, vifusi vikajaa viwanja vizima. Wakazi waliondoa vifusi hivyo kwa mikono na kupanda bustani, na washairi walikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo mtu aliposimama kughani kuhusu nyumba iliyoungua, waliomsikiliza walijua ni nyumba namba ngapi.

Magharibi mwa nchi, Wamarekani wenye asili ya Meksiko walikuwa na njia yao. Rodolfo “Corky” Gonzales, bondia wa zamani wa Denver aliyegeuka kiongozi wa haki za raia, alitoa shairi refu la I Am Joaquín mwaka 1967, likasomwa kwenye migomo na mikutano ya hadhara, na kikundi cha El Teatro Campesino kikalifanyia filamu. Kikundi hicho kilikuwa kimeanzishwa na Luis Valdez mwaka 1965 katikati ya mgomo wa wachuma zabibu wa Delano, California, kikiigiza juu ya malori. Novemba 1973 tamasha la Flor y Canto lilikusanya washairi na waandishi wao katika Chuo Kikuu cha Southern California. Historia hiyo yastahili makala yake.

Turudi New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Algarín na wenzake walinunua jengo la zamani la nyumba za kupanga, namba 236 East 3rd Street. Lakini fedha na nguvu ziliwaishia, na kwa miaka kadhaa mlango ukafungwa. Juni 1988 Piñero alifariki kwa ugonjwa wa ini akiwa na miaka 41, na majivu yake yakatawanywa mitaani Lower East Side, kama alivyotaka katika shairi lake. Algarín ameandika kwamba ilikuwa baada ya msiba huo ndipo mshairi Bob Holman alipomwendea na kumsihi wafungue tena. Wakafungua, na Holman akaleta kitu kipya: mashindano ya slamu.

Slamu haikuwa ya Walatino. Ilianzishwa Chicago na Marc Smith, fundi wa ujenzi, aliyeipa makao katika klabu ya Green Mill mwaka 1986. Utaratibu wake ni rahisi. Waamuzi watano huokotwa kutoka kwa hadhira, bila kujali kama wamesoma ushairi au la. Kila mshairi ana dakika tatu, hana ala wala vazi la kuigiza, na shairi liwe lake mwenyewe. Waamuzi huinua alama kutoka sifuri hadi kumi. Ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, zilizobaki tatu hujumlishwa. Hadhira ina ruhusa ya kuzomea waamuzi. Bingwa wa kwanza wa Nuyorican, mwaka 1990, alikuwa Paul Beatty, na zawadi yake ilikuwa kuchapishiwa diwani. Mwaka 2016 huyo huyo akawa Mmarekani wa kwanza kutwaa tuzo ya Man Booker. Mwaka 1994 Algarín na Holman wakatoa diwani nene iitwayo Aloud, iliyopata American Book Award. Usiku wa Ijumaa foleni ilizunguka kona.

Pamoja na umaarufu huo yakaja malalamiko, na baadhi yake yana haki. Alama humfanya mshairi atafute shangwe ya haraka. Dakika tatu ni fupi mno. Puerto Rican Obituary lenyewe lisingetosha. Wazee walisikitika kuona sebule yao imekuwa ukumbi wa mji mzima, ambamo Kihispania kilisikika mara chache kuliko zamani. Nawaelewa. Hata hivyo nashindwa kuulaumu mlango kwa kuwa wazi, kwa sababu kijana wa Bronx aliyekuja kushindana alikuta picha za Pietri na Piñero, akajua anasimama mahali pa nani.

Na vijana hao walifika mbali. Willie Perdomo wa East Harlem, aliyekulia katika ukumbi huo, aliteuliwa mwaka 2021 kuwa mshairi wa Jimbo la New York. Mayda del Valle, binti wa Wapuerto Rico wa Chicago, alishinda ubingwa wa taifa wa slamu mwaka 2001 akiiwakilisha Nuyorican, kisha akapanda majukwaa ya Broadway na kipindi cha Def Poetry Jam. Elizabeth Acevedo, binti wa wahamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika aliyezaliwa New York, alitwaa ubingwa wa taifa wa slamu. Baadaye, akiwa mwalimu, aligundua kwamba wanafunzi wake Walatino hawakuwa wakijiona katika vitabu walivyopewa, akaandika riwaya kwa mashairi, The Poet X, kuhusu msichana wa Harlem anayejificha na daftari lake mpaka siku anapopanda jukwaani. Mwaka 2018 kitabu hicho kilipata National Book Award ya vitabu vya vijana. Nawasihi walimu wa fasihi wakisome, hasa wale wanaoamini kwamba mtoto anayependa kughani anapoteza muda wa masomo.

Pietri alifariki mwaka 2004, Laviera 2013, Algarín tarehe 30 Novemba 2020. Mitaa waliyoitungia mashairi sasa ina kodi ambazo familia nyingi za Kipuerto Rico zilishindwa kuzimudu, na kumbi nyingi za wakati wao zimegeuzwa mikahawa ya matajiri. Nikipima historia yote hii, tendo lililowaokoa lilikuwa ni kununua jengo wakati mtaa haukuwa na mtu aliyeutamani. Kundi lililokuwa likipanga lingehamishwa zamani. Mwishoni mwa mwaka 2023, namba 236 ilifungwa kwa ukarabati mkubwa uliopangwa kuchukua miaka kadhaa na kugharimu mamilioni ya dola, na shughuli zake zikahamia kwa muda kwenye kumbi nyingine za jiji.