Wamenonaiti na Ukataaji wa Silaha

Wamenonaiti ni Wakristo wa jamii ya Waanabaptisti wanaofundisha kwamba mfuasi wa Yesu hapaswi kuua, hata vitani. Msingi wao ni Hotuba ya Mlimani, hasa agizo la kumpenda adui. Vuguvugu la Waanabaptisti lilizuka Zürich mwaka 1525. Ungamo la Schleitheim la 1527 lilikubali kwamba Mungu ameipa serikali upanga, lakini likamkataza Mkristo kuushika. Si wote waliotii: mwaka 1534 Waanabaptisti wenye silaha waliuteka mji wa Münster, Ujerumani, na utawala wao ukaangushwa mwaka uliofuata kwa umwagaji damu. Menno Simons, padri Mholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536, aliwakusanya wale wa amani, nao wakaitwa kwa jina lake.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Dirk Willems. Mwaka 1569, akitoroka kifungo huko Asperen, Uholanzi, aligeuka kumwokoa mtu aliyekuwa akimfukuza, ambaye barafu ilimpasukia akatumbukia majini. Willems alikamatwa, akachomwa moto. Wapinzani huona humo udhaifu wa fundisho lenyewe: nani basi atamlinda mnyonge? Agostino wa Hippo alikwisha kulijibu swali hilo kwa hoja ya vita vya haki, na bado lina makali.

Nchini Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamenonaiti waliokataa jeshi walipangiwa kazi za misitu na za kuhudumia wagonjwa wa akili. Kabla ya vita hivyo, wamisionari wa Kimenonaiti walifika Shirati, katika Mkoa wa Mara wa leo, mwaka 1934; ndipo lilipoanzia Kanisa la Mennonite Tanzania.