Barua kutoka Washington, 1862

Historia ya vita huandikwa mara nyingi kwa majina ya majemadari. Leo tutazame barua ya raia asiyebeba silaha.

Mwezi wa Desemba 1862, Marekani ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jamaa ya Whitman mjini Brooklyn iliona gazetini orodha ya waliojeruhiwa katika mapigano ya Fredericksburg. Jina moja lilikuwa limeandikwa kwa makosa, lakini walihofu kwamba ni George, mwana wao askari. Kaka yake Walt, mshairi mwenye umri wa miaka 43, aliondoka bila kukawia. Alipofika Philadelphia akaibiwa fedha zake. Mjini Washington, mji mkuu, alizunguka hospitali moja baada ya nyingine bila kumwona. Hatimaye alimkuta kambini huko Virginia, yu hai, na jeraha dogo shavuni.

Tarehe 29 Desemba, akiwa amerudi Washington, alimwandikia mama yake. Alimpa habari aliyokuwa akiingoja: George ni mzima. Lakini hakumficha mengine. Alimweleza kwamba mbele ya nyumba iliyogeuzwa kuwa hospitali aliona, chini ya mti, rundo la miguu na mikono iliyokatwa; na kwamba alipotazama mateso ya askari, taabu zake mwenyewe zilionekana si kitu.

Aliyemtafuta alikuwa amempata. Angaliweza kurudi nyumbani. Lakini alibaki. Alifanya kazi ya kunakili karatasi ofisini kwa saa chache, na muda uliosalia aliutumia hospitalini. Aligawa machungwa, tumbako, karatasi na stempu. Aliketi kando ya vitanda akiwaandikia barua wale wasioweza kushika kalamu, wa Kaskazini na wa Kusini pia. Mwaka 1864 afya yake ilidhoofika, ikambidi arudi kwa mama yake kwa miezi kadhaa.

Tunajifunza nini? Mtu huyu alianza safari kwa ajili ya ndugu mmoja, akatambua kwamba kila kitanda kina mama anayengoja habari mahali fulani. Nasi katika nchi yetu tunazijua nyumba zinazongoja hivyo. Basi tujiulize: siku tutakapompata wa kwetu akiwa salama, je, tutaondoka, au tutageuka kumtazama aliyelala kitanda cha pili?