Kebo ya mtandao baina ya majengo
Kebo ya mtandao baina ya majengo ni kebo inayounganisha kompyuta za ofisi zilizo katika majengo tofauti. Kebo ya shaba ya Etheneti hufikia mita 100 tu, nayo hupitisha umeme: radi ikipiga karibu, vifaa vya pande zote mbili huweza kuungua. Kwa sababu hiyo faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba mwanga, ndiyo chaguo bora. Faiba ya aina ya OM3 hufikisha gigabiti 10 kwa sekunde hadi mita 300. Faiba ya njia moja ya mwanga hufika kilomita 10 na zaidi. Kwa kawaida hupitishwa katika mabomba yaliyofukiwa ardhini, na nyuzi za akiba huwekwa mapema ili kuepuka kuchimba tena.