Bildi na Kihisi: Habari za Kuegesha Katika Kisiwa cha Pemba

Neno kuegesha lilikuwa la wanamaji kabla ya kuwa la madereva. Nahodha aliegesha chombo chake pwani karne nyingi kabla gari la kwanza halijashushwa Pemba, na magari yalipofika, Waswahili hawakuona haja ya kutafuta neno jingine. Hali kadhalika usukani, ambao asili yake ni ubao uliofungwa kwenye tezi ya chombo, ulihamia mikononi mwa mtu aketiye ndani ya gari. Na rubani, aliyekuwa mjuzi wa miamba na mikondo, akapandishwa angani. Dereva peke yake ndiye aliyepewa jina geni. Wanafunzi wa lugha huyataja mambo haya kuwa mifano ya upanuzi wa maana, wakaishia hapo. Lakini pamoja na maneno hayo ulihamia pia mushkili wa zamani, nao ni huu: mtu atakiletaje kitu kizito karibu kabisa na ukingo mgumu bila ya kukiumiza, hali yeye mwenyewe haoni mahali ambapo viwili hivyo vitagusana?

Pemba ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili, kwa sababu ni kisiwa cha kingo. Upande wa magharibi, Mkondo wa Pemba unakitenga na Bara kwa kina kifikacho kiasi cha mita 800, yaani zaidi ya pima 400, na kutoka katika kilindi hicho miamba ya matumbawe husimama kama ukuta. Chombo kitokacho Bara hakina budi kupita katika milango iliyo baina ya miamba na visiwa vidogo, kama ule wa Njao au wa Fundu, ndipo kiingie katika hori zinazokwenda Wete na Chake Chake. Tena tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo mavuno makubwa ya karafuu yakawa ya Pemba. Barabara hazikuwapo, karafuu zilibebwa vichwani na juu ya punda mpaka kwenye hori, zikapakiwa katika mashua na majahazi. Chombo kilichotobolewa na mwamba mlangoni kilikwenda chini pamoja na jasho la msimu mzima.

Ala aliyokuwa nayo nahodha ya kupimia ilikuwa bildi: pande la risasi lililofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Hutupwa mbele ya chombo, kamba ikaachwa iteremke mpaka risasi iguse chini, kisha mtu akasoma alama iliyo usawa wa maji. Mabaharia wa mataifa mengi walikuwa wakipaka shahamu chini ya risasi ili ipande na mchanga, tope au chembe za matumbawe, wapate kujua si kina tu bali na namna ya ardhi iliyoko huko. Ni ala njema, ya bei ndogo, wala haiharibiki. Walakini bildi hujibu swali moja tu: hapa, chini ya mkono wa mtupaji, kwa wakati huu, pana maji kiasi gani? Haisemi neno juu ya maji yaliyo ubavuni, hatua kumi kutoka hapo. Haisemi neno juu ya saa sita zijazo, ijapokuwa siku za bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi. Na mahali penye ukuta wa mwamba, kama magharibi ya Pemba, bildi huweza kumpoteza mtu kwa kumwambia kweli: kamba ya pima 30 haigusi chini, yatupwa tena haigusi, na kabla ya kutupwa mara ya tatu chombo kimekwisha panda mwamba.

Kisa mashuhuri cha namna hii kilitokea upande wa pili wa Mkondo, mkabala wa milima ya Usambara. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu ya São Rafael, moja katika merikebu za Vasco da Gama, ilipanda fungu kabla ya mapambazuko, ikakaa hapo mpaka maji yalipojaa. Wareno hawakukosa bildi wala watu hodari wa kuzitupa. Walichokosa ni rubani waliyeweza kumwamini, naye walikuja kumpata Malindi baadaye katika mwezi ule ule. Mwezi wa Januari 1499, walipokuwa wakirejea kutoka Bara Hindi, waliichoma moto merikebu hiyo karibu na mahali pale pale ilipokwama, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha merikebu zote.

Watu wa pwani walikuwa na kinga mbili ambazo bildi haikuweza kuwa badala yake. Ya kwanza ilikuwa macho. Rubani mjuzi huyasoma maji kwa rangi: buluu nzito ni kilindi, kijani ni mchanga usio mbali, na hudhurungi ni mwamba. Kwa ajili hiyo hupenda kuingia mlangoni jua likiwa mgongoni, maana likiwa usoni maji yote huwa kioo kimoja. Atokaye Bara kwenda Pemba huelekea mashariki, basi asubuhi jua humpiga machoni, na saa za alasiri ndizo zimfaazo.

Ya pili ilikuwa ulaini wa chombo chenyewe. Mtepe, ulioshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja, ulisifiwa kwa kuwa mbao zake zilicheza kidogo ulipogusa fungu au ulipopwelewa pwani, pale ambapo chombo cha misumari kingepasuka. Yamkini baadhi ya waandishi wamezitia chumvi sifa hizo. Mtepe ulivuja sana, watu wake hawakupumzika kukumba maji, na kamba zake zilihitaji kushonwa upya kila mara. Hata hivyo jambo lenyewe ni sahihi, na mwenye kufikiri habari za tairi na rimu hana budi kulikumbuka: kitu kilichofanywa kiguse ukingo kifanywe cha kukubali kupindika. Mitepe ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Wakati mitepe ilipokuwa ikitoweka, bildi nayo ilikuwa ikipata mrithi. Mara baada ya Titanic kuzama mwezi wa Aprili 1912, Mwingereza Lewis Fry Richardson aliomba hataza ya kutambua vizuizi kwa mwangwi wa sauti. Mwaka 1914 Reginald Fessenden, aliyezaliwa Kanada na kufanya kazi Marekani, aliupata mwangwi wa mlima wa barafu katika bahari ya Atlantiki. Na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Mfaransa Paul Langevin alitumia mawe ya kwazi kutoa sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la binadamu. Hesabu yake si ngumu. Sauti hukata kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde ndani ya maji. Mtu akijua muda uliopita tangu sauti kwenda mpaka mwangwi kurudi, amejua masafa. Hii ni bildi isiyo na kamba. Lakini yenyewe nayo hujibu swali lile lile moja, la kule ilikoelekezwa. Mwaka 1969, zama ambazo mashine ya mwangwi ilikuwa kitu cha kawaida katika meli za shehena, meli ya Kigiriki iitwayo Paraportiani ilipanda mwamba karibu na Panza, kusini ya Pemba, na mabaki yake yakabaki chini ya maji.

Kutoka baharini mwangwi ulipanda barabarani. Mwaka 1982 kampuni ya Toyota ya Japani iliweka katika gari aina ya Corona vihisi vya kupima masafa ya nyuma kwa sauti isiyosikika. Hewani sauti huenda pole kuliko majini, kiasi cha mita 340 kwa sekunde, na kizuizi kilicho umbali wa mita moja hurudisha mwangwi kwa kiasi cha sehemu sita za elfu za sekunde. Mashine huugeuza muda huo kuwa mlio, na mlio huzidi kuharakisha kadiri gari linavyokaribia kizuizi. Magari ya Kijapani yaliyokwisha tumika ndiyo yaliyojaa leo katika visiwa vya Zanzibar, nayo huvuka kwenda Pemba kwa meli. Baadhi yao humwonya dereva kwa Kijapani. Yeye hasikii neno, lakini mlio anaufahamu.

Hapo ndipo udhaifu wa bildi unaporudi kwa sura mpya. Vihisi hutiwa katika bampa, mbele na nyuma, kwa kimo cha kama goti la mtu. Jiwe la ukingo wa barabara aghalabu halizidi shubiri moja. Gari likiwa mbali kidogo, kihisi huweza kulisikia jiwe. Likisogea, jiwe huingia chini ya njia ya sauti, mlio ukakoma, na dereva akaudhania ukimya kuwa ni ruhusa. Nguzo nyembamba hurudisha mwangwi hafifu, uso ulioinama huutupa mwangwi kwingine, na tope la masika likikifunika kihisi huweza kukiziba au kukifanya kilie bila ya sababu. Zaidi ya hayo, barabara nyingi za Pemba nje ya miji hazina mawe ya ukingo. Zina mitaro, na lami iliyoliwa pembeni na mvua. Shimo halirudishi mwangwi. Ukingo ulio juu huweza kusikika japo kwa bahati. Ukingo ulio chini hausikiki kabisa.

Tena gurudumu halipo pale vihisi vilipo. Lipo ubavuni. Katika gari linalokata kona, gurudumu la nyuma halifuati alama ya lile la mbele bali hupita ndani yake, karibu zaidi na ukingo. Dereva aliyeuepusha ukingo kwa tairi ya mbele aweza kuupanda kwa ya nyuma akiwa amekwisha kuusahau. Zanzibar magari hupita upande wa kushoto na dereva huketi kulia, kwa hiyo magurudumu yaliyo karibu na ukingo ndiyo yaliyo mbali na macho yake. Kamera ya nyuma haimsaidii sana katika hilo, kwani huonyesha kilicho nyuma, na kioo chake kipana huvifanya vitu vionekane mbali kuliko vilivyo.

Hasara yenyewe si ya urembo tu, ijapokuwa mikwaruzo ya rimu ndiyo ya kwanza kuonekana. Rimu ya chuma ya zamani ikigonga hupinda, na fundi huinyosha kwa nyundo. Ya aloi ya alumini huchubuka, na ikigongwa sana hupasuka. Hatari kubwa zaidi imo katika ubavu wa tairi. Ubavu ukibanwa baina ya rimu na jiwe, nyuzi za ndani hukatika bila ya nje kuonyesha jeraha, na baada ya siku chache hutokea uvimbe kama wa jipu. Tairi ya namna hiyo huweza kupasuka kwa ghafula gari likiwa katika mteremko wa njia ya Mkoani, na watu ndani. Magari ya zamani yalikuwa na tairi nene, zenye mpira mwingi baina ya rimu na ardhi. Mtindo wa siku hizi wa rimu kubwa na tairi nyembamba umeuondoa mpira huo kwa ajili ya umbo. Mtepe umetupwa, na badala yake limechukuliwa jahazi la misumari, kisha mtu akapewa bildi na kuambiwa hiyo yatosha.

Madereva wazee hufanya kama marubani walivyofanya. Hukiinamisha kioo cha kushoto mpaka tairi ya nyuma na ukingo vionekane pamoja. Huingia polepole, hukata kona kwa upana, na pasipokuwa na hila ila kuupanda ukingo, huupanda kwa kuukabili wala si kwa mshazari, maana mshazari ndio uukatao ubavu. Hupima upepo wa tairi, kwa kuwa tairi iliyolegea hubanwa upesi. Na wakiwa na shaka, husimama, wakashuka, wakatazama.

Katika magari ya mbao kazi hiyo ilikuwa ya utingo. Gari liliporudi nyuma, yeye alishuka akasimama upande wa kushoto, akagonga ubao kwa kiganja, na dereva aliifuata mikono ile bila ya kugeuza kichwa. Utingo aliliona jiwe, akaiona tairi, akauona na mtaro, vyote kwa mara moja. Gari dogo la siku hizi halina utingo. Lakini linapopakiwa katika meli ya kwenda Mkoani na kusongezwa hata bampa likakaribia kugusa la jirani, vihisi hulia mfululizo, pasiweze kujulikana vinalilia lipi. Hapo dereva huuacha mlio uendelee, akamtazama baharia asimamaye mbele yake na kumwongoza kwa mikono, kushoto kidogo, tena kidogo, basi.