Mvua Imeondoka na Dawa

Jumamosi moja nilikuwa Morogoro, shambani kwa mjomba. Asubuhi tulipokezana bomba mgongoni tukipulizia kabichi zake maji ya mwarobaini yaliyotiwa sabuni. Saa nane mchana ikashuka mvua ya nguvu. Jioni viwavi walikuwa palepale, wanakula kama wamealikwa harusini.

"Mpwa," akaniambia mjomba, "dawa hii haina ubaya. Shida yake moja tu: haijui kushika."

Wiki iliyofuata akarudi kwenye sumu ya dukani. Sikumlaumu, ada za shule zinatoka kwenye kabichi zile. Lakini neno lake halikunitoka kichwani, nikaanza kusoma. Kumbe, msomaji wangu, hicho kilio cha mjomba kina zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1879 huko Odessa, mji ambao leo uko Ukraine, mwanasayansi Elie Metchnikoff alikuwa akipambana na mbawakawa waliokuwa wakimaliza ngano. Akaona wengine wamekufa, miili imefunikwa na kuvu ya kijani. Akaikuza kuvu hiyo kwenye machicha ya bia. Mwaka 1884 Isaak Krassilstschik akaweka kituo mjini Smila, na katika miezi 4 akazalisha kilo 55 za mbegu za kuvu ili kuua fukusi wa viazisukari. Yaani dawa ya wadudu iliyo hai ilianza kutengenezwa kabla DDT haijajulikana kuwa inaua wadudu.

Kwa nini basi haikutawala dunia? Kwa sababu maabara haina jua wala mvua. Shambani, mbegu ya kuvu inachomwa na jua, na ikichanganywa na maji matupu mvua inaiosha kwenye jani. Hali ya hewa ikiwa kavu mno, haioti.

Mwaka 1939 Paul Müller akagundua nguvu ya DDT kwa wadudu, na baada ya vita kemikali zikashika usukani. Kwa nzige kipenzi cha wengi kilikuwa dieldrin. Ilipendwa kwa kitu kimoja: kudumu. Unapulizia ukanda wa majani leo, na watoto wa nzige wanaopita hapo wiki kadhaa baadaye wanakufa. Mvua haikuiweza. Lakini ndiyo hiyohiyo iliyobaki miaka na miaka kwenye udongo, ikajikusanya kwenye mafuta ya wanyama na ndege. Ilijua kushika, haikujua kuachia. Ikaondolewa, na nzige wa jangwani walipoivamia Afrika kati ya 1986 na 1989, wataalamu wakabaki wanatafuta silaha nyingine.

Mwaka 1989 ukaanza mradi ulioitwa LUBILOSA, uliowakutanisha watafiti wa Uingereza, Benin na Niger. Wakarudi kwenye jamaa wa kuvu ya Metchnikoff, aina inayoua nzige na panzi. Jibu lao lilikuwa la kawaida kabisa, jamani: mafuta. Mbegu za kuvu hii hazipatani na maji, zinaelea na kugandana. Kwenye mafuta zinatawanyika vizuri. Tone la mafuta halikauki haraka hewani, linashika kwenye nta ya jani na ya ngozi ya mdudu, na mvua inapata kazi zaidi kulibandua. Hata kwenye ukavu wa Sahel kuvu ikaweza kuota na kupenya mwilini mwa nzige. Gramu 50 za mbegu zinatosha hekta moja. Dawa hiyo ikaitwa Green Muscle.

Mwaka 2009 ikaja kwetu. Nzige wekundu walikuwa wameongezeka Iku-Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na bonde la mto Malagarasi. Hayo ni maeneo ya mbuga za majani na maji, viboko wako humo, wavuvi wako humo. Sumu ikimwagwa pale inaishia ziwani. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, likasaidia kupulizia kuvu kwenye hekta zipatazo 10,000, mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa hivyo dhidi ya nzige barani Afrika. Mwaka 2020 Somalia nayo ikaitumia kwa nzige wa jangwani.

Si muujiza. Inachukua wiki 1 hadi 3 kuua, na jua bado ni adui yake. Ila imefundisha jambo moja: swali si dawa idumu milele. Idumu siku za kutosha kufanya kazi, kisha iondoke.

Na sabuni ya mjomba? Inasaidia dawa kutandaa kwenye jani la kabichi lenye nta, lakini mvua ikija inaweza kulilowesha jani upya na kurahisisha kuosha. Mafuta nayo yakizidi yanaunguza majani, kwa hiyo usikimbilie jikoni kuchukua chupa.

Nilimpigia mjomba nikamweleza yote haya. Akanyamaza kidogo. "Sawa mpwa. Sasa hiyo ya viwavi wangu inauzwa duka gani hapa?"

Sikuwa na jibu. Wewe unalo?