Kuhariri

Riwaya ya The Hobbit ya J.R.R. Tolkien, ya mwaka 1937, ni kitabu kimoja. Peter Jackson aliipanua ikawa filamu tatu, kati ya 2012 na 2014, zenye karibu saa nane kwa jumla. Mashabiki wa kitabu walizitia kwenye kompyuta zao na kuanza kuondoa: Tauriel, mhusika ambaye kitabuni hayumo kabisa, akaondolewa pamoja na mapenzi yake kwa mbilikimo Kili. Toleo mojawapo lilibaki na saa nne na ushei.

Kazi hiyo wengi wanaiita "kukata filamu". Mimi nashikilia kuhariri. Tulikipata kitenzi hiki kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa huru: mzizi ni mmoja, na tahrir kwa Waarabu ni uhariri, tena ni ukombozi. Anayekata anapunguza urefu tu. Mashabiki hawa wana mtu wanayemtafuta, Bilbo, mhusika mkuu wa kitabu, aliyefukiwa chini ya vita na mbio zisizokwisha. (Kama alihitaji kukombolewa, huo ni ugomvi mwingine.)

Ugumu uko kwenye sauti. Ukiondoa tukio, muziki wake unakatika ghafla. Nafuu ni kwamba katika sauti ya spika nyingi mazungumzo hukaa zaidi kwenye spika ya kati, kwa hiyo fundi anaweza kuyanusuru na kutandika muziki mwingine. Ila ukurasa wa kitabu ambao Jackson hakuupiga picha, mhariri huyu hana pa kuutoa.