Jamii ya Mzabibu

Jamii ya mzabibu (Vitaceae) ni familia ya mimea inayotambaa na kuparamia, yenye spishi zaidi ya 900, nyingi zikiwa za ukanda wa joto. Ukitaka kuitambua, tazama kifundo cha shina: kikono cha kujishikiza huota upande ulio mkabala na jani, kikajizungusha kwenye chochote kinachokigusa. Maua ni madogo, ya kijani, rahisi kupitwa na macho. Tunda lina majimaji na mbegu chache.

Mzabibu wenyewe (Vitis vinifera) ndio maarufu kuliko wote. Katika miaka ya 1860 mdudu filoksera, aliyetoka Amerika ya Kaskazini, alianza kushambulia mizizi yake huko Ufaransa na kuangamiza mashamba mengi. Dawa ilikuwa kuubebesha juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani, ambayo humstahimili mdudu huyo. Mkoani Dodoma, Tanzania, mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Ndugu zake wa porini Afrika Mashariki wanastahili kuangaliwa zaidi, hasa Cissus quadrangularis wa nyika kavu: shina lake nene lina pembe nne na huhifadhi maji.